UCHAMBUZI: Kongo yachimba zinki, faida yavuka bahari

KUFUNGULIWA upya kwa mgodi wa Kipushi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2024 kumerejesha swali ambalo Afrika imelikwepa kwa muda mrefu: mbona mwenye madini ndiye apatae makombo?

Mgodi huo ulio karibu na jiji la Lubumbashi ulifungwa mwaka 1993. Ni mojawapo ya hazina tajiri zaidi za zinki duniani. Mawe yake yana zinki ya takriban asilimia 35, ilhali migodi mingi kwingineko haifikishi asilimia 10. Unamilikiwa kwa ubia na kampuni ya Ivanhoe Mines ya Canada na shirika la serikali la Gécamines.

Hata hivyo, kinachouzwa nje si zinki kamili bali ni unga wa madini, ambao zaidi ya nusu yake ni zinki. Unga huo husafirishwa hadi bandarini, kisha husafishwa ng'ambo.

Thamani huongezeka huko. Soko la Madini la London huhitaji zinki iliyo safi kwa asilimia 99.995. Ikipashwa joto la kati ya nyuzi 100 na 150, zinki, ambayo kwa kawaida huvunjika upesi, hulainika na kuweza kubanwa ikawa nyembamba kama karatasi. Karatasi hizo hutumiwa na watafiti wanaounda betri mpya za kuhifadhi umeme wa jua na upepo. Betri hizo hutumia maji yenye chumvi za zinki, hivyo haziwi hatari ya moto kama zile za lithiamu.

Usafi huo si anasa. Chembe chache za chuma ndani ya zinki huifanya ijile yenyewe na kutoa hewa ya haidrojeni, hata kabla ya betri kutumiwa.

Kenya nayo haiko mbali na suala hili. Takriban nusu ya zinki yote duniani hupakwa kwenye chuma, yakiwemo mabati ya kuezekea nyumba. Zinki hukubali kuliwa kwanza ili chuma kisishikwe na kutu. Viwanda vya mabati nchini huagiza zinki kutoka nje, ingawa jirani anayo tele.

Wanaotetea uuzaji wa unga wana hoja nzito. Kupata tani moja ya zinki safi huhitaji zaidi ya kilowati-saa 3,000 za umeme, nao umeme ni haba katika eneo la Katanga. Lakini si kwamba jambo hilo haliwezekani. Enzi za Gécamines, zinki ilisafishwa papo hapo Kolwezi.

Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Iwapo uanachama huo utakuwa na maana kwa mchimba madini wa Kipushi na fundi wa mabati wa Mariakani, basi mazungumzo yanafaa kuanzia kwenye umeme na reli, wala si kwenye hotuba. La sivyo, Kongo itazidi kuuza unga, na majirani zake watazidi kununua zinki kutoka mbali.