Kamera mpya: Tarehe kwanza, picha baadaye

Kamera ndogo ya dijitali ikifika nyumbani, watoto hutaka kupigwa picha hapohapo. Mzazi asiharakishe.

Kwanza betri ichajiwe hadi ijae. Kwa kamera nyingi, taa ndogo huwaka wakati wa kuchaji, kisha hubadilika rangi au kuzimika betri inapojaa. Ichajiwe mezani, si kitandani wala chini ya mto, kwa sababu betri ya lithiamu hupata joto na joto hilo lazima lipate pa kutokea. Betri iliyovimba isichajiwe tena.

Ikiwashwa mara ya kwanza, kamera huuliza tarehe na saa. Wengi huruka hatua hii. Lakini mtoto akitokwa na vipele, picha zenye tarehe sahihi humsaidia daktari kujua vilianza lini na vimeeneaje. Tarehe isiyo sahihi inaweza kumpotosha. Betri ikikaa nje ya kamera muda mrefu, tarehe huweza kufutika, hivyo ikaguliwe upya.

Mwisho, kadi ya kumbukumbu isiachwe mezani. Mtoto anayetambaa huitia mdomoni, na inaweza kumkaba.