Tunatahini Kigogo, hatusomi bajeti

MIZANI
Na Mwanaisha Kombo

Mwanafunzi wa Kenya aliyefanya mtihani wa KCSE kati ya 2018 na 2022 anamjua Majoka vizuri. Ndiye mtawala wa Sagamoyo katika Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea: amelifunga soko la Chapakazi, ametangaza mwezi mzima wa kusherehekea uhuru, na anataka Sudi amchongee kinyago cha shujaa wake ilhali wachuuzi wanalipa kodi na taka haziondolewi. Waliomtangulia, wa kati ya 2013 na 2017, walisoma Mstahiki Meya ya Timothy Arege, mji wa Cheneo ambako zahanati haina dawa na wafanyakazi wamegoma, naye meya yuko mbioni kuandaa mapokezi ya wageni. Walisoma pia Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, yenye Mtemi Nasaba Bora na mashamba aliyoyapora. Kwa hiyo, anayedai kwamba vijana wetu hawana maandishi ya kuwafumbua macho hajafungua vitabu vyao. Serikali yenyewe iliviidhinisha vitabu hivyo na baraza lake la mitihani likavitahini nchi nzima. Hata hivyo, vijana hao wakimaliza shule huishi katika kaunti ambazo Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huzitaja kila mwaka kwa miradi iliyokwama, bili za wanakandarasi zisizolipwa na matumizi yasiyo na stakabadhi, na ni nadra kumkuta raia wa kawaida aliyeifungua ripoti ya kaunti yake. Kitabu kinachomsuta kiongozi hakijatupungukia. Kilichopungua ni namna ya kukisoma.

Tazama jinsi kinavyosomwa. Karatasi ya tatu ya Kiswahili, ya fasihi, ina alama 80. Mtahiniwa hupewa maneno mawili matatu ya mhusika, kisha huambiwa aeleze muktadha wa dondoo hilo kwa alama nne: nani asema, amwambia nani, wapi, kwa sababu gani. Kisha atataja mbinu za lugha, sifa za msemaji na umuhimu wake. Swali la insha likija, humtaka athibitishe kwamba uongozi katika jimbo fulani ni mbaya, kwa hoja kumi au ishirini. Hukumu imeshatolewa na mtunzi wa mtihani, mwanafunzi kazi yake ni kuokota ushahidi unaoiunga mkono. Na hata huo hauokoti mwenyewe, kwa kuwa miongozo inauzwa madukani ikiwa na hoja zote zimepangwa tayari kukaririwa. Hakuna anayemuuliza ni chombo gani Sagamoyo kilipaswa kumzuia Majoka na kwa nini hakikumzuia, fedha za sherehe zilitoka kasma ipi, au kama Tunu na Sudi, wapinzani wake, wangefanya vingine wangefaulu mapema zaidi. Hayo ni maswali yasiyo na jibu moja, na jibu lisilo moja ni taabu kwa msahihishaji aliye na rundo la karatasi mbele yake. Matokeo ni kijana anayejua kwamba ufisadi ni maudhui, lakini hajawahi kuambiwa kwamba ni jambo linaloweza kufuatiliwa kwa kalamu na karatasi.

Kwamba usomaji wa aina nyingine unawezekana, historia yetu inashuhudia. Katika miaka ya sabini wakazi wa Kamiriithu, karibu na Limuru, walikuwa na madarasa ya kisomo cha watu wazima. Walipomaliza kujifunza herufi walitaka kitu cha kufanya kwa ujuzi huo, na kutoka hapo ikazaliwa Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Kikuyu iliyoandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Wanakijiji, wakiwemo vibarua wa mashamba na wafanyakazi wa viwandani, waliusikiliza mswada ukisomwa, wakaukosoa, wakawasahihisha waandishi juu ya ardhi, mishahara na maisha yao wenyewe. Maonyesho yalianza Oktoba 1977, na katikati ya Novemba kibali kikafutwa. Siku ya mwisho ya mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa na kuwekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka. La kuzingatia ni kwamba katika mwaka huohuo riwaya yake ya Kiingereza, Petals of Blood, ambayo haina simile kwa tabaka tawala, ilikuwa imezinduliwa na Waziri wa Fedha wa wakati huo, Mwai Kibaki. Riwaya ya kusomwa na mtu mmoja mmoja chumbani ilivumilika. Maandishi yaliyosomwa na kujadiliwa na kijiji kizima, kwa lugha yao, hayakuvumilika, na mwaka 1982 serikali ikautuma mkono wake kulibomoa jukwaa lenyewe.

Jirani zetu wa Tanzania wanatupa funzo la upande wa pili. Hakuna nchi ya kanda hii iliyofundisha watu wazima kusoma kwa bidii kama ile. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kufikia 1975 wasiojua kusoma walikuwa asilimia 39, na kufikia 1986 walikuwa chini ya asilimia 10. Kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma vijitabu, na vyoo vikachimbwa kweli. Ni kazi ya kujivunia. Ila ujumbe ulitoka juu kwenda chini: serikali iliandika, mwananchi akasoma, akatekeleza. Katika miaka hiyohiyo familia nyingi zilihamishiwa vijiji vya ujamaa, nyingine kwa nguvu, na kule kujua kusoma hakukuwapa jukwaa la kuuhoji uamuzi ule. Kisomo peke yake, basi, hakizai uwajibikaji. Kinaweza hata kurahisisha utii, iwapo msomaji hajawahi kuonyeshwa kwamba maandishi ya mkubwa nayo huhojiwa.

Ndiyo maana yaliyotokea Kenya mwaka 2024 yanastahili kuangaliwa kama tukio la usomaji, mbali na siasa zake. Mswada wa Fedha ulipochapishwa mwezi Mei, ukilenga kukusanya takriban Sh346 bilioni za ziada, vijana waliupakua, wakaukatakata kifungu kwa kifungu na kuueleza kwa Kiswahili, Sheng na lugha za mama katika video fupi. Mama mboga aliyekuwa hajawahi kuuona mswada wowote alijua kwamba mkate ungetozwa VAT ya asilimia 16, na mwenye gari alijua kwamba angelipa asilimia 2.5 ya thamani ya gari lake kila mwaka. Juni 18 mapendekezo hayo mawili yakaondolewa. Juni 25 wabunge wakaupitisha uliobaki kwa kura 195 dhidi ya 106, waandamanaji wakaingia bungeni, na kesho yake Rais akakataa kuutia saini. Je, ni Majoka na Meya wa Cheneo waliowafikisha vijana huko? Hilo haliwezi kuthibitishwa, na asiyeweza kuthibitisha asidai. Linaloonekana wazi ni kwamba usomaji uliofanya kazi ulifanyika nje ya darasa, kwa njia ambayo darasa haliifundishi: kwa pamoja, kwa lugha inayoeleweka, kila kifungu kikiulizwa kinamfaa nani na kinamuumiza nani.

Kuna atakayepinga kwamba walioifilisi nchi ni wasomi. Waliotia saini zabuni hewa wana shahada, na wengine walipata alama ya A katika karatasi hiyohiyo ya fasihi. Ni kweli tupu, lakini inakosea shabaha. Elimu ya mwizi haijawahi kuwa kinga ya mali ya umma, wala hakuna mtaala unaoweza kuahidi kutengeneza viongozi malaika. Kinachomzuia mwenye madaraka ni kujua kwamba anatazamwa na watu wanaoielewa karatasi aliyoisaini. Tunayemtafuta kwa elimu ya fasihi ni huyo mtazamaji.

Wengine watasema kwamba mtu wa kijijini hahitaji kitabu ili ajue anaibiwa, anaona mwenyewe barabara isiyopitika, na redio na baraza la chifu vinamtosha. Tena vitabu ni ghali, hasa tangu Sheria ya VAT ya 2013 ilipovitia katika ushuru wa asilimia 16. Hoja hii ina uzito, na Kamiriithu imeshatuonyesha kwamba asiyejua herufi anaweza kushiriki kikamilifu pale ambapo mwenzake anamsomea. Lakini kujua kwamba umeibiwa si sawa na kujua ni shilingi ngapi, katika mradi upi, chini ya idara ipi. Anayejua la kwanza hulalamika, na diwani humjibu kwa ahadi mpya. Anayejua la pili huuliza swali ambalo ahadi haiwezi kulijibu. Redio na baraza ni vipaza sauti vizuri, mradi kuwe na aliyesoma cha kusema.

Pingamizi zito kuliko yote ni hili: vijana walisoma, wakaelewa, wakauliza, na wakapigwa risasi. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu 60 waliouawa katika maandamano yaliyoanza Juni 2024. Mbele ya bunduki kitabu ni dhaifu, na anayehubiri usomaji bila kukiri hivyo anawadhihaki wafiwa. Lakini tazama yaliyofuata. Desemba 2024 sheria mpya za kodi zilitiwa saini, na baadhi ya mapendekezo ya mswada ulioangushwa yakawa sheria kupitia mlango mwingine, bila kelele za Juni. Kwa hiyo ghadhabu ilikuwa ya msimu, na serikali haina msimu. Wanaoandika sheria wapo kazini Desemba kama walivyokuwapo Juni. Anayetaka kuwafuata hana budi naye kusoma mwaka mzima, na desturi ya namna hiyo haizaliwi barabarani katika wiki moja. Hujengwa utotoni, darasani, mwaka baada ya mwaka.

Nafasi ya kuijenga ipo sasa. Januari 2026 kundi la kwanza la mtaala wa umilisi lilianza Gredi ya 10, na Fasihi ya Kiswahili imewekwa miongoni mwa masomo ya kuchagua. Mhandisi na mhasibu wa kesho wanaweza kumaliza shule bila kuifanya fasihi kwa kina, nao ndio watakaoandaa zabuni. Kwanza, hilo lirekebishwe. Wanaotunga mitihani nao waweke angalau swali moja linalomruhusu mtahiniwa kupingana na mtunzi, apewe alama kwa nguvu ya hoja yake. Pili, Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, kwa hiyo bajeti na ripoti ya ukaguzi ya kila kaunti zina haki ya kutoka kwa Kiswahili chepesi siku moja na zile za Kiingereza, ziwekwe katika maktaba ambazo Katiba imezikabidhi serikali za kaunti. Tatu, mwalimu anayefundisha tamthilia ya meya mwizi aiweke mezani, katika somo hilohilo, ripoti ya ukaguzi ya kaunti ambamo shule yake imesimama, na awaache wanafunzi wazilinganishe. Haigharimu kitabu kipya wala ruhusa ya waziri. Kifungu cha 35 kimeshampa kila raia haki ya kuipata ripoti hiyo, na gavana ambaye ataona aibu kusomwa na watoto wa kidato cha tatu atakuwa ameanza kuwajibika.