Mto wa Mistari Miwili

Msomaji wa Mombasa au Lamu akisikia neno wiki atafahamu siku saba. Sisi watu wa makamo twapendelea kusema juma, lakini wiki nayo imekwisha ingia majumbani na hapana tena wa kuitoa. Ninalotaka kulizungumza leo ni neno jingine, ingawa maandishi yake ni yale yale. Hilo limetoka visiwa vya Hawaii, na maana yake huko ni haraka. Mmarekani mmoja, Ward Cunningham, alilichukua mwaka 1995 akaiita kwalo tovuti ambayo kila aliyeisoma aliweza pia kuiandika na kuirekebisha papo hapo. Mwaka 2001 ikazaliwa Wikipedia ya Kiingereza kwa mtindo huo, na mwaka 2003 ikafuata ya Kiswahili.

Nimelikumbuka jambo hili kwa sababu ya safari. Hivi karibuni nilikwenda Kitui kumpa pole rafiki yangu wa zamani aliyefiwa na mamake. Atokaye Mombasa huiacha barabara kuu ya Nairobi pale Kibwezi, katika Makueni, akavuka mto Athi na kuingia Kitui kwa njia ya Ikutha na Mutomo. Maji ya Athi si mageni kwetu. Ndiyo hayo yageukayo Galana, kisha Sabaki, yakamwagika baharini kaskazini ya Malindi. Lakini ukishauvuka huo, mito mingi uipitayo ni mchanga mtupu, na punda wamesimama katikati yake.

Jioni mjukuu wa mwenye nyumba akafungua simu yake, akautafuta katika Wikipedia ya Kiswahili mto upitao chini ya shamba lao. Akaupata. Ni mistari miwili tu: kwamba mto huo uko katika kaunti ya Kitui, mashariki ya Kenya, na kwamba maji yake huelekea Bahari ya Hindi. Akamsomea babu yake.

"Huelekea," mzee akauliza, "au hufika?"

Tukacheka sote, lakini swali lile sikulala nalo vizuri.

Wikipedia ya Kiswahili leo ina kurasa zaidi ya 75,000. Ni hesabu ya kujivunia. Ila sehemu kubwa ni hizo fupi fupi, za mito, za kata, za vijiji, ambazo wenyewe wameziita mbegu. Simlaumu aliyezipanda. Ni watu wachache, wafanyao kazi bila ujira, na wengine si wenyeji wa lugha hii. Mwaka 2009 kampuni ya Google iliandaa mashindano kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania waandike makala za Kiswahili, kukawa na zawadi. Makala zikaja kwa wingi. Zawadi zilipokwisha gawiwa, wengi wa waandishi hawakuonekana tena. Mbegu huhitaji mtu wa kukaa nayo.

Na mto wa Kitui una habari ya kueleza! Mvua huja kwa misimu miwili, mto ukafurika siku chache, pengine saa chache, kisha maji yakajificha ndani ya mchanga. Watu hujenga ukuta wa mawe na saruji kukata mto, msingi wake ukiwa juu ya mwamba. Kila mafuriko huleta mchanga nyuma ya ukuta, na ndani ya mchanga maji hukaa miezi bila kukaushwa na jua. Anayetaka maji huchimba tu. Tangu miaka ya 1990 shirika la SASOL pamoja na wanavijiji wamejenga mamia ya kuta hizo Kitui, na kazi ya marehemu Joshua Mukusya wa Utooni, upande wa Machakos na Makueni, imejulikana hata Ulaya. Mikono ni ya wenyeji, kwa utaratibu wao wa mwethya: majirani wanakusanyika, huyu na jembe, huyu na mtungi wa maji, wanamaliza kwa mmoja wakaenda kwa mwingine.

Basi mimi naona wiki si kitu kingine ila mwethya wa maandishi. Kuifungua ni kazi ya alasiri moja. Programu yake, MediaWiki, hutolewa bure, na mtu hukodi mahali pa kuiweka na jina la kuiita. Taabu huanza kesho yake. Lazima awepo mwenye kuangalia kila siku mabadiliko ya karibuni, kama vile ukuta unavyokaguliwa baada ya mafuriko, maana watakuja wenye kubandika matangazo na wenye kufuta kwa inda. Kwa bahati kila ukurasa hutunza historia yake, na kilichoharibiwa hurudishwa. Wenye mamlaka ya kufunga mlango huitwa wakabidhi, na akiwa kabidhi ni mmoja peke yake, wiki yote hugeuka nyumba yake. Nakala nayo yafaa iwekwe mahali pengine. Makueni wameyajua haya kwa njia yao: mwaka 2015 kaunti ilipitisha sheria ya kuhifadhi mchanga, kwa sababu malori yakiuchukua kwenda kujengea mijini, maji hukosa pa kulala.

Liko tatizo jingine, na hili ndilo zito. Wikipedia hutaka kila neno litegemee maandishi yaliyokwisha chapishwa. Sheria nzuri, bila hiyo kila mtu angeandika ndoto zake. Lakini yule mzee aliyajua majina ya mto huo kila unapopinda, na mwaka ukuta ulipojengwa, na nani alikataa kuja mwethya. Hayo hayamo kitabuni. Sisi tuliosoma chuoni twajua kwamba habari ya mdomo nayo ina mizani yake: nani kasema, kaipokea kwa nani. Mwaka 1849 Krapf aliuona mlima Kenya kutoka Kitui, akiwa mgeni wa Kivoi, na jina alilolisikia kwa Wakamba likaenea duniani kwa kalamu yake. Kivoi hakuandika, na maneno yake twayapata kwa mkono wa mgeni.

Kwa hiyo nilimwambia kijana: fungueni wiki yenu, ya Kitui na Makueni, kwa Kikamba na Kiswahili ubavu kwa ubavu. Kila habari iandikiwe jina la msimulizi akiridhia, kijiji chake, tarehe, na aliyeipokea. Siku ikichapishwa kitabu na wasomi wakakipima, Wikipedia nayo itakuwa na pa kutegemea.

Akaniuliza nani atalipa kodi ya kila mwaka wafadhili wakiondoka. Sikuwa na jibu. Babu yake akasema kamati ya ukuta hukusanya kidogo kidogo kila baada ya mavuno, na mwaka usio na mavuno hukusanya mawe.

Asubuhi, nilipokuwa nikingoja gari, nilimkuta kijana ameketi na daftari la shule, babu yake akimtajia majina ya mto kuanzia juu, naye akimsimamisha kila mara amuulize herufi.