Tusiwang'oe watoto meno kwa jina la mila

"Mwacha mila ni mtumwa." Methali hii tunaipenda sana katika shirika letu, na si mara moja tumeitumia kuwajibu wale wanaocheka desturi za wazee. Lakini leo tunalazimika kuwapinga ndugu zetu wanaoifanya ngao ya kufunika jambo baya: kupasua ufizi wa mtoto mchanga na kumtoa mbegu za meno, eti ndizo zinazomharisha.

Msomaji wa Kivu hahitaji kuelezwa sana. Mtoto wa miezi saba au minane anapata homa, anaharisha, anakataa ziwa. Jirani anafika, anaingiza kidole kinywani mwake, anagusa ufizi pale yatakapotokea meno ya chonge, anasema: "Mama, hii haiko malaria. Mutoto iko na meno mubaya. Hii ugonjwa ba dokta habaijuake. Mupeleke kwa muzee, bamutoshe." Mzee anachukua kisu kidogo, msumari, ao waya wa gurudumu la kinga. Anapasua, anatoa vitu vidogo vyeupe, anamwonyesha mama: "Angalia, njo hii ilikuwa inamuua." Mama analia, anashukuru, analipa.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Magharibi ya Uganda wanayaita ebino, Tanzania wanayaita meno ya plastiki. Mwaka 1969 mtaalamu wa meno kutoka Denmark, Jens Pindborg, alikwisha kuandika juu ya desturi hiyo kule Uganda. Basi tujibu hoja moja moja, bila kutukanana.

Hoja ya kwanza: "Tumeyaona kwa macho yetu." Ni kweli mmeona kitu. Lakini mmeona nini? Jino halianzi siku linapochomoza. Linaumbwa ndani ya ufizi tangu mtoto yuko tumboni mwa mama. Chonge la utoto huchomoza mtoto anapokaribia mwaka mmoja na nusu. Kwa hiyo kwenye miezi saba bado ni dogo, jeupe, halijakomaa, na ufizi umevimba kidogo juu yake. Kumbe kile anachokionyesha mzee ni jino lenyewe! Kila mtoto anayo, hata yule mwenye afya anayecheka mgongoni mwa mama yake.

Wala tusifikiri ni Waafrika tu wanaodanganywa na macho. Wazungu nao kwa karne nyingi waliamini kwamba jino linaliwa na mdudu. Walifukiza mbegu za majani fulani mdomoni, na vipande vyeupe vya mbegu zilizopasuka motoni wakasema ni wadudu waliotoka. Mfaransa Pierre Fauchard, katika kitabu chake cha mwaka 1728, aliwaambia kwamba amewatafuta wadudu hao kwa darubini asiwaone. Hapa kwetu pia tunasikia kila siku: "Jino langu linakuliwa na mududu." Linalotoboa jino ni asidi inayotengenezwa na mikrobi wanaokula sukari iliyobaki kinywani. Kuamini vile kwa kutojua si aibu. Kukataa kujua njo aibu.

Hoja ya pili: "Lakini mtoto alipona!" Wengi hupona, kwa sababu kuharisha kwingi kunaisha kwenyewe baada ya siku chache. Mzee anachukua sifa. Na yule aliyekufa? Wanasema mama alichelewa kumleta. Kwa hesabu ya namna hiyo mzee hapana kukosea hata siku moja. Tuangalie pia umri wenyewe. Miezi ambayo meno yanaanza kuota ni ile ile ambayo mtoto anaanza kutambaa, kuokota kila kitu na kukitia kinywani, kula uji ulioandaliwa kwa maji machafu, huku kinga aliyopewa na mama kabla ya kuzaliwa inapungua. Ugonjwa unatoka huko. Meno yanasingiziwa tu kwa kuwa yamekutwa pale pale.

Hoja ya tatu, ambayo inatugusa sisi zaidi: "Ni mila ya babu zetu." Jina lile la majirani wa Tanzania linatosha kutuamsha: babu zetu walijua wapi plastiki? Na hata kama desturi ni ya kale, ukale peke yake si cheti. Mila njema inalinda uzao. Hii inamtia mtoto aliyekwisha kukaukiwa maji kidonda kinywani: anapoteza damu, hawezi kunyonya, na chuma kile kile kilichopita kwa wengine kinaweza kumpa tetanosi ao sida. Anayeokoka anaweza kuharibiwa hata chonge la ukubwa, kwa kuwa mbegu yake imekaa karibu na ile iliyochokonolewa. Atafikisha miaka 12 na jino halitoki, ao linatoka limepinda.

Sasa tujilaumu na sisi tuliosoma. Mwalimu anajua, ananyamaza kwa kuogopa shangazi. Muuguzi anakataza mchana, usiku anampeleka wake mwenyewe. Na kwenye vituo vingi vya afya mama anaombwa franka kwanza, anakaripiwa, anaambiwa "Ngoja", wakati mzee anamkaribisha na kumsikiliza. Tusishangae akichagua mzee. Mwenye kutaka desturi hii iishe aanze kwa kumpokea mama vizuri.

Kwa mtoto anayeharisha, dawa ya kwanza iko nyumbani: litre moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Anyweshwe kidogo kidogo, ziwa lisikatwe. Macho yakididimia, damu ikionekana, ao akishindwa kunywa, apelekwe kwa muganga wa lopitali siku hiyo hiyo.

Mila za meno tunazo, na tutazitetea: mswaki wa mti ambao wazee walitafuna kila asubuhi, furaha ya nyumba jino la kwanza linapoonekana, mtoto anayetupa jino lililong'oka juu ya paa akiomba lingine. Hizo zinangojea jino. Hii ya kisu inaliua kabla halijazaliwa. Wazee wetu wapendwa, tunawaheshimu, na ni kwa heshima hiyo tunawaambia: wekeni chini waya wa kinga.