Usizime kazi za kompyuta, zipange upya!

Leo nina ugomvi na watu wawili: waliotengeneza Windows, na fundi wako wa kompyuta. Kila mmoja amekosea kwa njia yake, na anayelipa ni wewe.

Tuanze na hao wa kwanza. Kompyuta yako ina orodha ya kazi inazozifanya yenyewe bila kuagizwa: kupanga diski, kukagua virusi, kutafuta masasisho. Windows imeweka ukarabati huo saa nane usiku. Saa nane usiku! Nitajie saiba moja mjini Migori, Rongo au Mbita inayoacha mashine zikiwaka saa hiyo. Mwenye saiba anafunga, anazima swichi ya ukutani, anaenda kulala. Kazi zilizokosa zamu zinangoja asubuhi, mashine iwashwe na itulie kidogo, kisha zinaanza. Mteja akigusa kibodi zinatakiwa zipishe, lakini kompyuta kuukuu yenye diski ya kuzunguka haipishi upesi. Sasa weka hali hiyo tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya ritani za KRA, foleni ikiwa imefika mlangoni.

Mpango huu ulitungwa na mtu ambaye stima yake haipotei na intaneti yake haiishi. Mwaka 2023 pekee Kenya nzima iliingia gizani zaidi ya mara moja, ikiwemo tarehe 25 Agosti na 10 Desemba. Hapo sijataja kukatika kwa kawaida kwa mtaa mmoja mmoja.

Haya, tumgeukie fundi. Dawa ya mafundi wengi kuanzia Isebania hadi Oyugis ni moja: zima kila kitu. Masasisho zima, ukaguzi zima, "mashine sasa iko fasta." Kuhusu ugonjwa fundi hakosei, bando ni pesa. Kosa liko kwenye dawa. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft walitoa kiraka cha tundu fulani la Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo kirusi cha WannaCry kilipitia tundu lilelile, kikafunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia. Miezi miwili! Aliyekuwa ameweka kiraka alilala salama. Aliyezimiwa masasisho na fundi alibaki mlango wazi. Fundi wa aina hii ni kama dereva anayeng'oa breki ili gari liende kasi.

Ninachodai ni kitu cha katikati: kazi zibaki, saa zibadilike. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika taskschd.msc, orodha yote itafunguka. Ukitengeneza kazi yako mwenyewe, tuseme ya kuhifadhi nakala, angalia mitego mitatu.

Mtego wa kwanza uko kwenye kichupo cha masharti. Kazi mpya huja imewekewa alama kwamba ianze tu mashine ikiwa kwenye stima, na isimame ikihamia betri. Kwa laptopu ya Homa Bay maana yake ni kwamba stima ikipotea, nakala inakatika katikati. Toa alama hizo.

Wa pili uko kwenye kichupo cha mipangilio. Kuna kisanduku kinachosema kazi iliyokosa zamu ifanywe mara inapowezekana, na huja KITUPU. Karani wa shule Ndhiwa anaweza kupanga nakala ya alama za wanafunzi kila usiku, mwaka ukapita, na isifanyike hata siku moja. Kisha diski inakufa. Weka alama hapo.

Wa tatu ni saa yetu wenyewe. Ukiandika 7:00 asubuhi ukifikiria saa saba mchana, mashine itaanza saa moja asubuhi. Saa saba mchana ni 13:00.

Na bora zaidi, achana na saa kabisa. Mahali ambapo stima haina ratiba, funga kazi kwenye tukio: nusu saa baada ya mtu kuingia kwenye kompyuta. Mashine ikiwaka, kazi inafanyika.

Watu wa Linux msicheke. Cron nayo mashine ikiwa imezimwa saa ya kazi, kazi imepita, haidaiwi. Tumieni anacron, inayohesabu siku badala ya saa na kulipa deni mashine ikiwashwa.

Kuhusu bando: ukitumia hotspoti ya simu, iambie Windows kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo, na masasisho mengi yatasubiri. Viraka vya kila mwezi hutoka Jumanne ya pili, saa mbili au saa tatu usiku kwetu. Basi nunua bando Jumatano hiyo, ondoa kipimo, shusha, rudisha kipimo. Siku moja kwa mwezi, na umepanga wewe.

Fundi akija tena na wimbo wake wa kuzima kila kitu, mwulize swali moja: mafaili yangu yakipotea, utanilipa? Atanyamaza. Hapo mfungulie taskschd.msc mfanye kazi pamoja.