MAARIFA YA KAMERA: Kupiga Picha ya Ndege Ndani ya Jumba

Bwana mmoja akaaye karibu na Adams Arcade, katika Barabara ya Ngong, ametuandikia barua. Atakwenda London kwa siku nne, na mama yake, mwenye umri uliopita miaka 80, amemwagiza kitu kimoja tu: picha ya ndege ya namna ile ambayo marehemu baba wa mama huyo alikuwa akiisukuma kutoka bandani, alipokuwa kibarua wa Wilson Airways hapa Nairobi. Anauliza, ataipigaje picha mahali penye mwanga hafifu?

Wilson Airways ilianzishwa na Bibi Florence Kerr Wilson mwaka 1929, nayo ilianza kazi kwa ndege moja ya Gipsy Moth. Ndege ya jamaa hiyo, iitwayo Jason, ambayo Bibi Amy Johnson aliirusha peke yake kutoka Uingereza hadi Australia mwezi wa Mei 1930, imetundikwa katika Science Museum, London. Rangi yake ni kijani kilichokoza, ambacho hunyonya mwanga. Kwa hiyo kazi si nyepesi.

Kwanza, usitumie taa ya kamera. Mwanga wake hupungua upesi: kitu kilicho mbali mara mbili hupata robo tu. Basi bawa lililo karibu litameremeta, na mkia utabaki gizani.

Pili, fungua tundu la lenzi kadiri liwezavyo, kisha ongeza ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Ikiwa kwa ISO 400 kamera yataka 1/8 ya sekunde, mkono utatikisika. Kwa ISO 3200 yataka 1/60 tu. Chembechembe zitaonekana kidogo, lakini afadhali hizo, maana picha iliyotikisika haina dawa.

Tatu, kumbuka kuwa ndege imetulia; atikisikaye ni wewe. Majumba mengi hayaruhusu stendi ya miguu mitatu. Egemea nguzo au ukingo, bana viwiko mbavuni, toa pumzi polepole, ndipo ubonyeze. Mwenye simu na afanye vivyo hivyo. Piga picha tano au sita, uzikuze kiooni na kuzikagua kabla hujatoka mlangoni.

Nne, dirisha au taa kali isiwe nyuma ya ndege, kwa sababu kamera hudanganyika na kuifanya ndege kivuli cheusi. Sogea hata mwanga uwe ubavuni pako.

Mwisho, usingoje kujifunzia London. Tundika baiskeli ghalani jioni, uwashe taa moja, ujaribu mpaka spoku zihesabike pichani. Ukitaka kujaribu ndege zilizo mabandani katika Uwanja wa Wilson, omba ruhusa kwanza. Mazoezi ya nyumbani hayana nauli, na picha iliyoharibikia ng'ambo hairudiwi kwa urahisi.