Udi Usitiwe Kinandani na Uchafu

Wapenzi wa taarabu, kinanda cha umeme kimeshaingia arusini na hakitoki tena. Mimi sikipingi. Ninachopinga ni uchafu wa sauti tunazokitia.

Mwaka jana nilimrekodi mzee wa mtaani kwetu akipiga udi, feni ikizunguka juu. Sauti ile moja nikaitandaza kinanda kizima. Loo! Nikibonyeza vibonyezo vitatu, zalia feni tatu! Na oktava ya juu sauti ikawa nyembamba kama mbu, ikakatika kwa nusu ya muda wake.

Nikarudi kwa mzee. Tukazima feni, tukafunga madirisha, maikrofoni tukaisogeza karibu. Akapiga sauti moja moja, kwa upole kisha kwa nguvu, kila moja ikaachwa ififie yenyewe. Tukarekodi hata zile sauti za kati za Rast na Bayati, ambazo vibonyezo 12 vya oktava havina.

Rai yangu, vijana: warekodini wazee wangali hai, tena kwa usafi. Kinanda huimba kilichotiwa tu. Tukitia feni, wajukuu watadhani udi wa Mwambao ulilia hivyo.